Mbeleko

Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hufundishwa darasani, na kila mwanafunzi aliyefika kidato cha pili aweza kuitolea maana, ya kuwa malezi ni kazi ya watu wengi. Mimi nami katika ujana wangu niliieleza hivyo katika mtihani, nikapewa alama zangu zote. Lakini sasa nimepita umri wa miaka hamsini, na maisha yamenionyesha kuwa ndani ya methali hiyo limo swali ambalo siku ile sikuulizwa. Ikiwa mkono mmoja hautoshi, je, huo mkono wa pili ni wa nani?

Nyumbani kwetu mkono wa pili ulikuwa wa dada yangu, na kwa hakika haukuwa mkono bali mgongo.

Nilizaliwa mwaka 1969 katika Mkoa wa Lindi, katika nyumba ya wakulima wa mihogo, mtama na korosho. Mtoto wa kwetu hakuwa na mama mmoja. Alikuwa na mama mkubwa na mama mdogo, alikuwa na bibi na shangazi, na jirani yeyote aliyemkuta akila udongo alikuwa na haki ya kumtoa udongo kinywani na kumchapa kofi la mkono. Haya ndiyo tunayoyasifu tunapozungumza juu ya utamaduni wetu, nasi twafanya vyema kuyasifu. Lakini mvua za masika ziliponyesha na jembe likaita, mama mkubwa alikwenda shamba, mama mdogo alikwenda shamba, na bibi naye, kama magoti yake yalikuwa bado yana nguvu, alikwenda shamba. Aliyebaki na mtoto alikuwa ni mtoto mwenziwe. Hakuna mahali ambapo mila yetu ilitamka kuwa msichana wa miaka saba ndiye mlezi wa taifa, lakini ndivyo ilivyotenda.

Dada yangu alikuwa na miaka saba nilipozaliwa. Huo ndio umri ambao kaka yetu mkubwa, alipoufikia, alikatiwa kaptula na kupelekwa darasa la kwanza. Siku zile wazazi walikuwa bado wanalipa karo katika shule za msingi, kwani karo hiyo ilifutwa mwaka 1973, na baba alikuwa na fedha ya mtoto mmoja. Kaka alipewa karo. Dada alipewa mbeleko. Ilikuwa kipande cha kanga kuukuu ya mama ambacho rangi yake ilikwisha kufifia, na ndani ya kipande hicho ndimo nilimoanzia kuuona ulimwengu.

Alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alikuwa akinibeba hadi shuleni na kusimama nje ya dirisha la darasa la kwanza. Mwalimu alipofundisha hesabu, naye alihesabu kimoyomoyo. Nilipoanza kulia, mwalimu alimpungia mkono aondoke, kwani nilikuwa nawasumbua waliolipa. Kwa namna hiyo alijifunza kuhesabu hadi thelathini. Thelathini na moja hakuifikia, maana nadhani siku hiyo nililia mapema.

Mwaka 1974 tulihamia katika kijiji cha ujamaa. Sitaki kuandika kana kwamba kila jambo la wakati ule lilitendwa kwa upole. Mikorosho ya baba ilibaki mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wapo wazee waliokufa wakiizungumzia. Lakini maadamu mwandishi hana budi kusema alichokiona, nitasema pia kwamba katika kijiji hicho ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watoto wadogo wakihesabiwa kuwa ni jukumu la wote.

Akina mama wa UWT walijenga banda la makuti karibu na ghala la kijiji. Umoja huo wa wanawake uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na katika miaka ya sabini ulikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Chetu tulikiita chekechea. Kilikuwa na mikeka miwili, chungu cha uji, mtungi wa maji, na ubao mmoja uliopakwa masizi ya betri zilizokwisha nguvu. Walezi walikuwa wanawake wawili wa pale pale kijijini. Asubuhi mama alitupeleka mimi na mdogo wangu, akatukabidhi, kisha akashika njia ya kwenda shamba la kijiji akiwa na jembe begani na mgongo mtupu. Nakumbuka nilivyoushangaa mgongo ule mtupu. Sikupata kumwona mama akitembea wima namna ile.

Lipo jambo moja katika kituo kile ambalo wakati huo sikulielewa, na ambalo leo, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kushika majalada ya Serikali, naliona kuwa ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Katibu wa kijiji alikuwa na daftari la kazi. Kila aliyelima siku moja katika shamba la wote aliandikiwa siku moja, ili wakati wa mavuno agawiwe haki yake. Walezi wale wawili nao waliandikwa katika daftari hilo hilo. Siku ya kulea iliandikwa sawasawa na siku ya kulima. Mila zetu zimejaa sifa za mama, na washairi, nikiwamo mimi, tumemwimba mama hadi sauti zikatukauka. Lakini kumsifu mlezi ni jambo moja, na kumwandika katika daftari ni jambo jingine. Kijiji kile, pamoja na makosa yake yote, kiliandika.

Kwa dada yangu kituo kilikuja kimechelewa. Mgongo wake ulipopata nafasi alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba alisema kuwa amekwisha kuwa mwali, hawezi kuketi chini na watoto wa darasa la kwanza. Aliingia unyagoni, kisha akaolewa mwaka 1979. Baadaye alihudhuria kisomo chenye manufaa, akajua kuandika jina lake. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ule ambao nchi nzima ilianza kutekeleza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nami nilipofika shuleni nilikuwa tayari najua kuketi, kusikiliza na kungoja zamu yangu ya uji. Mwalimu wangu alinisifu kuwa nina akili. Hakujua kwamba nilikuwa nimetangulizwa na watu watatu, yaani walezi wawili wa chekechea na msichana mmoja aliyesimama nje ya dirisha.

Kituo chetu hakikudumu. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vilikula akiba ya nchi, bei ya mafuta ilipanda, na vijijini sukari ya uji ikawa hadithi. Mwaka 1981 Serikali ilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, ili vituo viandikishwe na kukaguliwa. Sheria ilikuwa njema, lakini sheria haikorogi uji. Mwaka 1986 nchi ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata tulizoea msemo wa kuchangia huduma. Shamba la kijiji liligawanywa, daftari la kazi likafungwa, na walezi wetu wawili, ambao hawakuwa na daftari jingine la kuandikwa, walirudi kulima vishamba vyao. Banda la makuti lilianguka masika moja, na miti yake ikawa kuni.

Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliagiza kuwe na madarasa ya awali katika shule za msingi, na hilo limewasaidia sana watoto wa miaka mitano na sita. Walio chini ya umri huo walirudi mahali walipokuwa kabla ya mwaka 1974, yaani katika mgongo wa yeyote aliyekuwa hana uwezo wa kukataa.

Hapa sina budi kueleza kosa langu, kwa maana insha juu ya malezi iliyoandikwa na mtu asiyetaja deni lake ni sawa na risiti isiyo na sahihi.

Baada ya kidato cha nne niliajiriwa kuwa karani wa Serikali. Nilioa, na mwaka 1996 tukapata mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu naye alikuwa mtumishi. Sheria ilimpa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku ya 85 asubuhi mtoto alikuwa angali hajui hata kuketi. Nifanye nini? Mshahara haukutosha kumlipa mlezi mtu mzima. Nilipanda basi, nikaenda kijijini kwa dada yangu.

Dada alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano. Nilimwambia, "Dada, nipe mpwa wangu akanisaidie. Nitamsomesha mjini." Katika mila zetu mjomba hanyimwi. Dada alinitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akafunga nguo za mwanawe katika furushi. Alipotoka alisema neno moja tu: "Asome."

Hakusoma. Mwaka ule nilisema tungoje mtoto atembee. Mwaka wa pili nilisema tungoje aache ziwa. Mwaka wa tatu mtoto wa pili alizaliwa, na mwaka wa nne mpwa wangu mwenyewe aliacha kuuliza. Hatukumpiga, hatukumlaza njaa, na majirani walitusifu kwamba tunamlea vizuri. Alirudi kwao akiwa na miaka kumi na sita, na sanduku la bati, na kanga mbili mpya. Mwanangu, aliyebebwa katika mbeleko ile, leo ni mwalimu wa sekondari. Kwa hiyo katika ukoo wetu mbeleko imefanya kazi yake mara mbili kwa namna ile ile: mara ya kwanza ilimpa mimi elimu ikamnyima dada, na mara ya pili ilimpa mwanangu elimu ikamnyima binti wa dada huyo huyo. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mchanga, na sina lawama. Mara ya pili nilikuwa mtumishi wa Serikali mwenye kalamu mfukoni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi nyepesi, nayo imesema kuwa kazi hiyo isimzuie kusoma. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa mezani pangu ofisini. Niliifunga nikaitia katika jalada, na siku ile sikuandika shairi.

Mwaka 2012 Serikali ilizindua awamu ya tatu ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, pamoja na mpango wa kunusuru kaya maskini. Kwa ufupi mpango ulikuwa hivi. Wanakijiji wenyewe, katika mkutano wa hadhara, hutaja kaya ambazo hali zao ni duni kuliko nyingine. Majina hupelekwa, kaya huhojiwa, na orodha hurudishwa mkutanoni ithibitishwe. Kaya iliyoandikishwa hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyumba yenye mtoto iliongezewa shilingi 4,000, pamoja na nyongeza nyingine kwa sharti kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule. Mpokeaji aghalabu huwa mwanamke. Tena wenye nguvu walipewa kazi za muda za kijiji, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara, kwa ujira.

Mwaka 2014 nilitumwa pamoja na maofisa wengine kuandika kumbukumbu za mkutano katika kijiji kimoja, nacho kilikuwa kijiji chetu. Wakati huo mpwa wangu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na watoto wake watatu walikuwa kwa bibi yao, dada yangu, ambaye mumewe alikwisha fariki. Mdogo wao alikuwa na miaka miwili, na dada alikuwa amemfunga mgongoni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, bado yuko ndani ya mbeleko.

Jina lake lilisomwa. Mzee mmoja akasimama akasema, kwa adabu na bila chuki, "Huyu mama ana ndugu yake serikalini, na yule pale mezani." Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akanitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi. Kama ningesema kuwa simsaidii dada yangu ipasavyo, ningejivunjia heshima mbele ya kijiji kizima. Na kama ningemtetea, watu wangesema kuwa mtumishi anawapendelea walio wake. Basi nikanyamaza, na unyamavu wangu ukahesabiwa kuwa ni kukubali. Jina lilifutwa, na aliyelifuta katika karatasi ni mimi, kwa maana ndiyo kazi niliyotumwa kuifanya.

Jioni nilikwenda kwake nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia marahaba, akanipa maji ya kunawa, tukala ugali kwa kisamvu. Hakutaja mkutano. Nilipoagana naye nilimwahidi shilingi 30,000 kila mwezi, nami nikatimiza ahadi hiyo kwa miezi saba. Mwezi wa nane ilikuja ada ya mwanangu, mwezi wa tisa paa lilivuja, na mwezi wa kumi niliona haya hata kupiga simu.

Kwa nini naeleza mambo ya nyumbani katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Naeleza kwa sababu mzee yule aliyesimama alitoa hoja ambayo husikika kila mahali, hata midomoni mwa wasomi. Husemwa kwamba ruzuku za Serikali ni jambo la kigeni, kwamba Mwafrika hulelewa na ukoo wake, na kwamba fedha za bure zitaua moyo wa kujitegemea. Tuipime hoja hii kwa utulivu.

Kwanza, juu ya ukoo. Ukoo ni hazina, na simshauri kijana yeyote auache. Lakini mwenye kusema kwamba maskini atasaidiwa na ndugu yake, aulize pia ni nani atakayemhakikishia maskini huyo mwezi wa nane. Hisani ya ndugu hutegemea mshahara wa ndugu, afya ya ndugu, hata hasira za ndugu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii nayo ni ya wazee wetu wale wale, nao hawakuitunga bila kuona.

Pili, juu ya kujitegemea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 husomwa sana kwa ajili ya neno hilo. Lakini wenye kulisoma kwa haraka husahau kuwa Azimio hilo hilo, liliposema kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Hao lilisema wana haki ya kuishi kwa kazi ya wengine. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayepelekwa kliniki kwa fedha za umma hajavunja siasa ya kujitegemea hata kidogo. Yeye ndiye aliyewekewa nafasi tangu mwanzo. Naye bibi anayemlea si mvivu anayelipwa kwa kukaa, bali ni mfanyakazi ambaye daftari lake lilipotea.

Tatu, juu ya ugeni. Je, chekechea yetu ya makuti ilikuwa ya kigeni? Daftari lile la siku za kulea lilikuwa la kigeni? Wazee wetu walikuwa na ujima: leo twalima kwako, kesho kwangu. Nchi inapokusanya kodi na kuirudisha kwa mwenye mtoto, inafanya ujima wa watu wasiojuana. Ukubwa wake ndio mpya, lakini asili yake twaijua.

Hata hivyo sisemi kwamba mpango ule haukuwa na dosari. Kusomwa jina lako mbele ya jirani zako kuwa wewe ni maskini ni jambo linalouma. Fedha zilikuwa kidogo. Na katika kazi za muda niliona kwa macho yangu wanawake wakichimba lambo huku watoto wamefungwa migongoni, na wengine wamelazwa chini ya kichaka, wakilindwa na wasichana ambao siku hiyo hawakuwa shuleni. Mpango uliotaka watoto wasome ulikuwa, bila kukusudia, unawatoa wengine darasani. Uhindi, katika sheria yake ya mwaka 2005 ya kuwahakikishia watu wa vijijini kazi, iliweka sharti kuwa mahali pa kazi wanapofika watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita, mmoja wa wanawake wa pale ateuliwe kuwalea, naye alipwe ujira sawa na wanaochimba. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu. Lilikuwa ni daftari la katibu wa kijiji chetu.

Nchi yetu nayo imelikumbuka. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa fedha 2021/22. Programu hiyo inamwangalia mtoto tangu mimba hadi miaka minane, na inataka afya yake, lishe yake, ulinzi wake na uchangamshi wake vishikwe pamoja badala ya kila ofisi kuvuta upande wake. Mimi, nikiwa karani wa siku nyingi, najua kuwa mpango huanza kuishi siku unapotengewa fungu katika bajeti ya halmashauri, na kwamba kituo hufa siku mlezi wake anapokosa posho. Tukitaka kujua kama taifa linathamini malezi, tusitazame hotuba. Tutazame kama mlezi ameandikwa katika daftari.

Nanyi walimu mtakaosoma insha hii, nawaombeni jambo moja. Mwanafunzi wa kike anapofika amechelewa, au anaposinzia katika kipindi cha kwanza, msianze kwa fimbo. Mwulizeni nyumbani kuna mtoto wa miaka mingapi. Nanyi wanafunzi, kabla hamjajisifu kwa alama zenu, hesabuni ni migongo mingapi iliyowafikisha katika dawati hilo, kisha mwulize kama mwenye mgongo alipata kuketi.

Nimalizie kwa habari ya dada yangu. Awamu ya pili ya mpango ilizinduliwa mwaka 2020, na kijijini kwetu orodha ilipoandikwa upya mwaka uliofuata, jina lake lilisomwa tena. Mimi sikuwapo. Naambiwa mzee yule yule alisimama, na safari hii alisema, "Mwandikeni. Yule ndugu yake tumemjua." Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa kweli.

Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amenunua madaftari ya wajukuu na kuku wawili wa mtago. Nilitaka kujitetea. Nikamwambia kuwa fedha nilizokuwa nikimpelekea zilikuwa nyingi kuliko hizo. Akacheka kwa upole, akasema, "Kweli, mdogo wangu, zako zilikuwa nyingi. Lakini kila nilipozipokea niliuona uso wako, nikajiuliza umekasirika au umeridhika. Hizi za Serikali ni kidogo, ila hazina uso."

Nimeandika mashairi kwa muda mrefu, na sijapata kuandika mshororo uliobeba maana kama ile. Haki ni msaada usio na uso. Huja mwezi wa nane kama ulivyokuja mwezi wa kwanza, na anayeupokea haulizwi kama alimsalimu mtoaji vizuri. Siku ya malipo, jirani zake walitia dole gumba katika karatasi ya kupokelea. Dada yangu aliomba kalamu, akaandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka, na foleni nzima ikamngoja.

Usiku ule nilimtungia ubeti mmoja, nao nauacha hapa kwa vijana:

Mwana akishazaliwa, si wa mamaye tu mwana,
Mgongoni akitiwa, wote tuwe twashikana,
Dada asije zuiwa, na shule kutoiona,
Mzigo ukigawiwa, nani tena ataguna?